Mlima wa Shimba na Yaliyo Kando Yake

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Samburu. Yanapigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile wasiweze kuhudhuria.)



Kamati ilitutuma sisi watu sita twende tukautazame mlima wa Shimba na vitu vilivyo karibu nao, kisha turudi tuwaeleze. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile safari ya wanachama na jamaa zao ambayo mmekuwa mkiiulizia kila mkutano, maana wengi mmesema mmechoka kwenda Mombasa kutazama maduka na kurudi na deni. Ya pili ni jambo la makaa, ambalo liko mbele ya tawi na bado halijaamuliwa. Mambo haya mawili yaonekana kama hayahusiani. Tulipofika huko tuliona kwamba hayatengani, ndiyo maana twayasema pamoja.

Wako watakaouliza: chama cha wafanya kazi na miti, wapi na wapi? Tuzungumzeni mishahara. Twawaomba subira kidogo. Habari za mishahara zimo humu ndani, tena nyingi.

Kwanza mahali penyewe. Sisi wa Samburu ni watu wa njiani. Reli ya zamani yapita kwetu, barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yapita kwetu, bomba la maji ya Mzima lashuka kwenda Mombasa tangu mwaka 1957, na tangu 2017 reli mpya nayo yapita. Kila kitu chapita, nasi twakitazama kikipita. Kwa hiyo macho yetu yamezoea njia mbili tu, ya kushuka pwani na ya kupanda bara. Kusini hatutazami sana. Na huko kusini ndiko uliko mji wa Kwale, makao makuu ya Kaunti yetu wenyewe, uliojengwa juu ya mlima. Wengi wetu tumepanda huko kwa shida za karatasi na ofisi, tukakaa kwenye benchi mpaka jioni, tukarudi bila kugeuza shingo kutazama msitu ulio nyuma ya ofisi zile.

Njia ni Samburu, Vigurungani, Kinango, halafu Kwale. Hatuna haja ya kuwaeleza nchi ilivyo mpaka Kinango, kwa kuwa ni nchi yenu: mibuyu, migunga, mikwaju, na mabwawa ya udongo ambayo mwaka mbaya hubaki matope yaliyopasuka. Mvua tano zilikosa mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 mpaka mwisho wa 2022, na mizoga ya ng'ombe mliihesabu kwa macho yenu. Lakini ukiisha kuiacha Kinango na gari likaanza kupanda, nchi yageuka ghafula. Nyasi zawa mbichi. Upepo wawa wa baridi na una harufu ya maji. Mmoja wetu, ambaye hakuwahi kupita njia ile, alidhani mvua imenyesha asubuhi hiyo, kumbe hapana, ndivyo palivyo siku zote.

Tukisema mlima tusidanganyane. Si Kilimanjaro wala si Kasigau. Ni kama meza ndefu iliyoinuka kutoka ukanda wa pwani, yenye vilima juu yake, na kimo chake ni mita 400 na kitu juu ya bahari. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 30. Lakini kwa sababu uko karibu sana na bahari, mlima huu mfupi wafanya kazi kubwa kuliko kimo chake. Upepo wa bahari waja na unyevu, wakuta mlima umesimama mbele yake, hauna budi kupanda, na ukipanda wapoa. Ukipoa watoa ukungu na mvua. Alfajiri ukiwa Kwale waweza usimwone mwenzako aliye upande wa pili wa barabara. Mwamba wa huko ni jiwe la mchanga, nalo hunywa maji, huyaweka tumboni, halafu huyatoa pole pole chini ya mteremko kuwa chemchemi. Msitu ndio mfuniko wa chungu hiki. Majani huipokea mvua isiupige udongo kwa nguvu, na takataka za majani yaliyooza huyashika maji yasitelemke yote kwa mara moja. Ondoa mfuniko, mvua ile ile itashuka kama mafuriko siku moja, na wiki ya pili mto ni mchanga mtupu. Sisi wa nyika twalijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, maana mito yetu ni ya namna hiyo.

Serikali ya kikoloni iliuandika msitu huu kuwa msitu wa Serikali mwaka 1903. Baada ya Uhuru, mwaka 1968, sehemu kubwa ilifanywa pia hifadhi ya wanyama, na siku hizi walinzi wa wanyama wa KWS na watu wa idara ya misitu wanautunza pamoja. Ndani yake mna makaya ya zamani ya Wadigo, na Kaya Kwale ni moja katika hayo. Wazee waliukataza msitu usikatwe karne nyingi kabla ya karatasi ya 1903 kuandikwa, nao hawakuwa na bunduki wala waya wa umeme. Walikuwa na neno lao tu, na neno lilitosha.

Sasa ya kutazama. Kuna mivule na mibambakofi ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Kuna misandarusi, mti ule uliotoa sandarusi iliyopelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi zamani za masultani. Kati ya msitu na msitu kuna mbuga za nyasi, na hapo ndipo anapoonekana palahala. Tulimwona. Dume lake ni jeusi ti, tumbo ni jeupe, na pembe zimepinda kurudi nyuma kama jambia mbili. Katika Kenya nzima hana makao mengine ya porini ila haya ya Shimba. Mwenzetu mmoja alisema mnyama yule asimama kama karani mkuu aliyeombwa ruhusa siku ya Ijumaa. Ndovu wako wengi, nao tutawarudia, maana ndio wenye kesi.

Kuna maporomoko ya maji yaitwayo Sheldrick. Huteremka kwa miguu kama kilomita mbili ukifuatana na askari mwenye bunduki, na huko chini maji yaanguka mita 21 hivi, kuna na kidimbwi cha kuogea. Kuteremka ni raha. Kupanda kurudi ni habari nyingine, na wale wenye matumbo ya kukaa kwenye usukani mchana kutwa wajipime mapema. Kiingilio hakipokewi kwa fedha mkononi, hulipwa kwa simu. Kwa hiyo twapendekeza Mweka Hazina awalipie wote kabla ya siku yenyewe, kwa sababu tuliwaona wazee wawili wamekwama langoni kwa kuwa simu zao ni za kupigia tu, mpaka kijana mmoja asiyewajua akawalipia akapokea noti zao. Kwamba mtu aliyezaliwa chini ya mlima ashindwe kuingia kwa sababu ya aina ya simu yake ni jambo ambalo Kaunti na KWS wangeweza kulitengeneza kwa kumweka karani mmoja tu langoni.

Basi tuje kwenye maji. Kwenye mteremko wa Shimba kuna chemchemi za Marere. Tangu miaka ya 1920 na kitu, maji ya Marere yamekuwa yakitiwa katika bomba na kupelekwa kisiwani Mombasa. Fikirini maana yake. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandarini na wa reli na wa mahotelini na wa majumbani, waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na kitu, wakawa wakikutana kila siku katika uwanja wakauita Kiwanja cha Maskini. Huko ndiko chama chao, African Workers Federation, kilikopata nguvu, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Habari hizo mmezisikia katika mafunzo ya chama. Lakini hamkuambiwa kwamba wakati ule bomba la Mzima lilikuwa halijajengwa, na maji ya bomba ya mji yalikuwa yakitoka mlima huu. Meli zilizongojea bandarini, garimoshi zilizotiwa maji zipande bara, na hao waliogoma pia, wote walikuwa wateja wa msitu wa Shimba.

Hata leo maji ya Marere bado yashuka Mombasa, pamoja na ya Mzima, ya visima vya Tiwi na ya Baricho kule mto Sabaki. Na upande wa pili wa mlima kuna mto Mkurumudzi, uanzao Shimba ukaingia baharini karibu na Gazi. Mto huo ndio uliowekewa bwawa kwa ajili ya machimbo ya titani ya Base Titanium huko Nguluku na Maumba, maana mchanga ule haupatikani bila kuoshwa kwa maji mengi. Meli ya kwanza ya mchanga huo iliondoka Likoni mapema mwaka 2014, na machimbo yalisimama Desemba 2024 kwa sababu mchanga wenye faida ulikwisha. Kazi zikaisha nao. Mnawajua baadhi ya waliokuwa huko. Wengine ni ndugu zetu, na wengine sasa wanaendesha bodaboda hapa hapa Samburu. Kabla ya hapo watu wa Msambweni walikwisha kuionja habari hiyo mara moja, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988.

Hatusemi machimbo yasingefunguliwa. Miaka kumi ya mshahara ni miaka kumi ya karo na mabati. Twasema hivi tu: mchanga ulikwisha, mto haukwisha. Mtu akituuliza ni mwajiri gani mkubwa wa Kwale aliyedumu kuliko wote, tutamwonyesha mlima. Mahoteli ya Diani hayawezi kufua shuka bila maji. Bandari haiwezi. Na wale wanaoishi mguuni pa mlima wenyewe, akina mama tuliowakuta njiani, walikuwa wamebeba mitungi ya lita 20 kichwani, na bomba la kwenda mjini limelala chini ya ardhi si mbali na njia yao. Jambo hili sisi wa Samburu twalielewa bila kufasiriwa, kwa kuwa maji ya Mzima nayo hutupita.

Sasa ndovu, na Mwaluganje. Hapa twawaomba msikilize sana, maana ndiyo sehemu iliyotufanya tukae macho usiku tukibishana.

Ukitoka Kinango kwenda Kwale, kabla hujafika mjini, kuna lango la Mwaluganje. Pale katikati ya hifadhi ya Shimba na msitu wa Mwaluganje palikuwa njia ya ndovu tangu zamani, na palikuwa pia mashamba ya watu, Wadigo na Waduruma. Ndovu wakila mahindi, watu wakiuawa, ndovu nao wakiuawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenye mashamba walikaa wakapatana na KWS na wahisani waliosaidia: mashamba yaachwe yawe malisho ya ndovu, waya wa umeme uwekwe, wageni waje kutazama kwa kulipa, na fedha za langoni zigawanywe kwa wenye mashamba kwa kadiri ya eka za kila mmoja. Mahali hapo palifunguliwa mwaka 1995. Badala ya kupanda mahindi, walipanda ndovu. Hata mavi ya ndovu hayakutupwa. Yalichemshwa na kufanywa karatasi za kuuza, maana ndovu hasagi majani vizuri na nyuzi hubaki nzima.

Sisi tulio katika chama tukalitazama jambo lile kwa jicho letu. Huu ni mkataba wa kazi. Mwenye shamba ametoa kitu chake, naye anangoja malipo kila mwaka. Lakini malipo hayana kima cha chini. Hutegemea mgeni, na mgeni hutegemea habari anazosikia kwao Ulaya. Ghasia za Likoni mwaka 1997, wageni wakakimbia. Bomu la Kikambala, Novemba 2002, wakakimbia tena. Machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Maonyo ya Serikali za nje mwaka 2014. Korona mwaka 2020. Kila mara hoteli za Diani zilipunguza watu, chama kikapiga kelele, magazeti yakaandika. Na kila mara, siku ile ile, mzee wa Mwaluganje aliye na eka zake alipunguziwa naye, ila yeye hana barua ya kupunguzwa wala wa kumpigia kelele. Ndovu hakupunguza kula.

Mzee mmoja aliyetukaribisha uji kwake alitueleza kwamba kwake ndovu ni kama mpangaji mkubwa aliyeingia nyumbani, kodi yake hulipwa na mtu mwingine aliye mbali, na mwezi ambao kodi haikuja huwezi kumtoa mpangaji. Majirani zake wengine wamerudi kulima, na wengine wamerudi kuchoma makaa ndani ya eneo lile lile. Hakuwasifu wala hakuwalaumu. Alituuliza tu kama sisi, tusipolipwa miezi sita, tungeendelea kwenda kazini.

Ndovu wenyewe walikuwa wamezidi nafasi yao. Mwaka 2005 KWS walihamisha ndovu 150 kutoka huko wakawapeleka Tsavo Mashariki kwa malori, kazi kubwa sana ya kulaza na kupakia. Hata hivyo hasara haikwisha. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yasema aliyeuawa na mnyama, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Aliyepata kilema cha daima, milioni 3. Na waliojeruhiwa kwa njia nyingine mpaka milioni 2, na mazao pia yana fidia yake. Kwa maandishi ni sheria nzuri, kuliko hata ile ya 2007 ya kuumia kazini tunayoipigania kila siku. Lakini kama ile yetu, malipo huchelewa, na anayejua kujaza karatasi hutangulia. Katika kijiji kimoja tulikuta watu wasiojua kwamba mazao yana fidia. Hapo ndipo Katibu wetu, ambaye kazi yake hapa ni kujaza karatasi za kuumia kazini, alipokaa chini ya mwembe akaandika karatasi za watu wanne mpaka jua likatua, nasi tukamngoja. Gari lilitudai zaidi kwa kuchelewa, na Mweka Hazina amekwisha kulipata jambo hilo katika hesabu.

Ya pwani tutayapitia upesi, kwa sababu safari ya siku moja haitoshi kuyafikia yote. Kutoka Kwale barabara yateremka mpaka Kombani, na kutoka hapo ukienda kusini wafika Ukunda na Diani. Mwishoni mwa pwani ya Diani, pale mto uingiapo baharini, kuna msikiti wa kale wa Kongo, uliozungukwa na mibuyu, na watu wangali wakiswali ndani yake. Kusini zaidi kuna Kaya Kinondo, msitu mdogo mnene juu ya mawe ya matumbawe, ambao ni mmoja wa makaya ya Mijikenda yaliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2008. Kaya Mtswakara ya Waduruma, iliyo upande wetu huku karibu na Mariakani, imo katika orodha hiyo hiyo, na ni ajabu kwamba wengi wetu tunaipita kila wiki bila kujua. Kinondo wageni hupokewa na wenyeji wenyewe tangu mwaka 2001. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, na huambiwa wasichukue hata jani. Pale Diani kuna pia madaraja ya kamba juu ya barabara kwa ajili ya mbega, wasigongwe na magari. Mwenzetu mmoja akasema mbega wa Diani walipata daraja lao mbele ya watu wa Likoni.

Basi sasa makaa.

Mnajua jambo lilivyo. Bei ya gesi ikipanda, kila nyumba yarudi kwenye jiko la makaa. Baadhi ya wanachama wameomba tawi litumie akiba yake kununua magunia kwa jumla na kuwauzia wanachama kwa bei ya chini kuliko ya dukani. Ombi ni zuri, na kazi ya akiba ni hiyo. Magunia ya rahisi kuliko yote ni yale yaletwayo alfajiri kwa pikipiki kutoka njia ya Kinango, na hakuna aulizaye mti ulikatwa wapi. Sisi tulipita njia ile mchana. Tuliona matanuri ya udongo yangali yakitoa moshi, na mengine yalikuwa upande usiotakiwa wa waya. Tanuri la namna ile lataka kilo 5 mpaka 10 za mti mkavu kupata kilo moja ya makaa. Mti wa miaka sitini wapikia nyumba moja kwa wiki chache.

Sheria iko. Kanuni za makaa za mwaka 2009 zataka mchomaji awe mwanachama wa chama cha wachomaji kinachotambuliwa, na gunia lisafiri na kibali. Februari 2018 Serikali ilikataza ukataji katika misitu yake yote, na miaka ya baadaye ikalegeza. Lakini tunayesema naye hapa si Serikali. Tunasema na mchomaji, naye ni mfanya kazi kama sisi, tena wa daraja la chini kabisa: hana mshahara, hana likizo, apumua moshi, na sehemu kubwa ya bei humwendea mwenye lori. Mchomaji mmoja alikuwa amefanya kazi ya mkataba machimboni mpaka 2024.

Watu wanne kati yetu sisi sita twapendekeza hivi. Tawi linunue makaa, lakini kwa wachomaji waliojiunga katika chama chao na wenye kibali, wanaokata katika mashamba yenye ruhusa, hata ikiwa gunia litazidi bei kidogo. Na akiba itoe mkopo wa majiko yanayokula makaa machache, ulipwe kwa makato madogo. Tena Katibu aandikiwe nauli aende Kinango siku moja kila mwezi, awasaidie wachomaji kujiandikisha na watu wa Mwaluganje kudai fidia zao. Twaona hiyo ni kazi ya chama sawasawa na kazi nyingine yoyote.

Wenzetu wawili hawakukubali, na kwa haki twaweka maneno yao hapa. Wao wanasema mwanachama anayepata mshahara wa kibarua hawezi kuambiwa alipe zaidi ili kuokoa maji yanayokwenda kuosha mabwawa ya kuogelea ya mahoteli. Mahoteli na bandari na mji wa Mombasa walipe kwanza, kwa kuwa ndio wanywaji wakubwa, na fedha hizo ziende kwa mzee wa Mwaluganje kila mwaka bila kungojea mgeni. Wanasema pia kwamba tukianza kumbana mchomaji kabla ya kumbana mwenye lori, tutakuwa tumeanzia chini kama kawaida ya wakubwa. Sisi wanne hatukuwa na jibu zuri kwa neno la kwanza. Tulikubaliana sote sita kwamba barua iandikwe kwa Kaunti mbili, ya Kwale na ya Mombasa, kuuliza ni sehemu gani ya fedha za maji ya Marere inayorudi mlimani, na barua hiyo iko tayari kutiwa sahihi na Mwenyekiti.

Juu ya makaa kura itapigwa katika mkutano ujao, mikono juu, na mwanachama aliye zamu anaweza kuleta kura yake kwa maandishi kwa Katibu. Wale wanaouza makaa au walio na jamaa wanaochoma waje pia waseme, hawatanyimwa nafasi.

Juu ya safari, twaona siku nzuri ni Jumapili baada ya mshahara. Gari la abiria 33 latosha. Waendao kwenye maporomoko wavae viatu vya kufungwa. Watakaobaki Kwale na watoto watapata kivuli na chakula mjini. Mwaluganje tutasimama saa moja tu, lakini twaomba kila jamaa ichange kitu kidogo kwa ajili ya uji wa yule mzee, kwa kuwa tulikuwa sita nasi tuliumaliza. Majina yaandikishwe kwa Katibu kabla ya tarehe 20.